Kiini cha Kupangishwa: Historia ya Kubadilisha Kerneli ya Linux katika Seva za Wingu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo: mpangaji wa seva ya wingu kuiondoa kerneli ya Linux aliyopewa na mwenye mitambo na kuweka ya kwake. Yanaanzia Cambridge mwaka 2003, yanapitia huduma ya EC2 ambayo sehemu yake kubwa ilijengwa Cape Town, na kufika katika mashine ndogo za Firecracker za mwaka 2018. Hoja kuu ni kwamba haki ya kisheria ya kubadilisha kerneli ya Linux ilikuwapo tangu mwaka 1992, lakini uwezo wa kuitumia katika seva ya kukodi uliamuliwa na swali la kawaida kabisa: faili la kerneli limehifadhiwa katika diski ya nani? Mwishoni makala yanaoanisha swali hilo na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zilizotungwa Afrika Mashariki tangu mwaka 2019.

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 2006 na 2010, mtu aliyekodi seva ya Linux katika huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon angeweza kukutana na jambo lifuatalo. Aliingia katika seva yake akiwa na mamlaka yote ya msimamizi mkuu, akapakua kerneli mpya kutoka hazina ya Debian, akaisakinisha bila kosa lolote, kisha akaiwasha seva upya. Seva iliporejea, aliuliza kwa amri ya uname ni kerneli ipi inayofanya kazi, akajibiwa kuwa ni ileile ya zamani. Faili jipya lilikuwa palepale alipoliweka, katika saraka ya /boot, likiwa zima kabisa. Hakuna aliyelisoma.

Haikuwa hitilafu. Kerneli iliyoiendesha seva ile haikuwa imehifadhiwa katika diski ya mpangaji hata siku moja. Ilikaa upande wa mpangishaji, na kila seva ilipowashwa ilichukuliwa kutoka huko ikapakiwa katika kumbukumbu, kabla diski ya mpangaji haijaguswa. Mamlaka ya msimamizi mkuu yaliishia pale ilipoishia diski yake.

Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu na maunzi. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa na nafasi ya kumbukumbu, ndiyo inayoamua nani afungue faili lipi na pakiti ipi ya mtandao ipite. Programu zote zilizo juu yake huamini inachosema. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaichagua ni swali la mamlaka, ingawa kwa muda mrefu limeachiwa mafundi.

Kuhusu istilahi, matini za Kiswahili hutumia kerneli, na baadhi hutumia kiini. Neno la pili lina nguvu ya asili, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili anajua kiini cha yai na kiini cha habari bila kufundishwa. Lina mtego wake pia, maana kiini hicho hicho kimo katika kiinimacho. Mtego huo si wa kulaumiwa sana katika mada hii. Teknolojia ya kompyuta pepe ni kiinimacho kwa maana halisi: kompyuta moja inawafanya wageni kadhaa kila mmoja aamini kuwa ana mashine nzima peke yake. Katika makala haya kerneli inatumika kwa programu yenyewe, na kiini kinaachwa kwa maana zake za kawaida.

2.0 Prosesa Isiyokubali Kugawanywa

Kuigawa kompyuta moja iwe nyingi si wazo la karne hii. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili igawanyike kwa usalama. Kwa ufupi, kila agizo linaloweza kugusa hali ya mashine nzima ni lazima linaswe pale linapotolewa na mgeni, ili programu msimamizi iliyo chini iamue la kufanya.

Prosesa za familia ya x86, ambazo miaka ya 1990 zilikuwa zimeenea katika ofisi na vyumba vya seva duniani kote, hazikutimiza sharti hilo. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulihesabu maagizo 17 ya Pentium yaliyokuwa na kasoro hiyo: yakitolewa na mgeni hayanaswi, bali yanatoa jibu lisilo sahihi kimyakimya. Kampuni ya VMware ilikuwa imekwisha kupata njia ya kulikwepa tatizo hilo kwa kutafsiri msimbo wa mgeni wakati unapoendeshwa, na bidhaa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1999. Njia hiyo ilifanya kazi, ila tafsiri ile ilikuwa na gharama.

Mwaka 2003 watafiti wa Maabara ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiwamo Ian Pratt na Keir Fraser, waliwasilisha njia nyingine kwa jina la Xen. Badala ya kumdanganya mgeni, walimwambia ukweli. Kerneli ya mgeni ilihaririwa ili ijue kuwa haiko juu ya maunzi halisi, na kila ilipohitaji jambo kubwa iombe kwa msimamizi. Kwa Linux, uhariri huo uligusa takribani mistari 3,000 ya msimbo, chini ya asilimia 2 ya sehemu inayohusu x86. Kasi iliyopatikana ilikaribia ile ya mashine isiyogawanywa.

Mistari hiyo 3,000 ndiyo chanzo cha kisa kizima. Kuanzia hapo kerneli ya kawaida ya Debian au Red Hat haikuweza kuwaka juu ya Xen. Iliyoweza ni ile iliyohaririwa tu. Uhariri wenyewe ulikaa nje ya mkondo mkuu wa Linux kwa miaka minne, ukibebwa kama rundo la viraka vilivyoshonwa juu ya matoleo machache, hasa 2.6.16 na 2.6.18. Msaada wa kuwa mgeni wa Xen uliingia rasmi katika Linux kwenye toleo la 2.6.23, Oktoba 2007, nao ulianza na mashine za biti 32 peke yake. Mtu wa kawaida asingeweza kujitengenezea kerneli hiyo kwa urahisi. Ilikuwa busara, na pengine ukarimu, kwa mpangishaji kuitengeneza yeye na kumpa kila mpangaji.

Desturi hiyo ilikuwapo hata kabla ya Xen kuenea. Linode, kampuni ya Marekani iliyoanza kupangisha seva za Linux mwaka 2003, ilitumia kwanza User-Mode Linux, mbinu ambayo kerneli ya mgeni huendeshwa kama programu ya kawaida ndani ya kompyuta mwenyeji. Kwa mbinu hiyo kerneli ni faili ambalo mwenyeji analifungua. Mgeni hana pa kulishika. Kampuni ilipohamia Xen mwaka 2008 wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kuchagua kerneli kwenye orodha iliyo katika ukurasa wa usimamizi, kama mtu anavyochagua chakula kwenye ubao wa mgahawa.

Kuna kejeli hapa ambayo historia nyingi za wingu huipita. Windows, ambayo msimbo wake umefungwa, haikuweza kuhaririwa na wapangishaji. Majaribio ya kuifanyia Windows XP uhariri wa namna ya Xen yalifanyika Cambridge lakini hayakutolewa kwa umma. Kwa hiyo Amazon ilipoanza kupangisha Windows mnamo Oktoba 2008 ililazimika kuipa mashine pepe kamili, kwa kutumia uwezo mpya ambao Intel iliuongeza katika prosesa zake mwishoni mwa mwaka 2005 na AMD mwaka uliofuata. Windows iliwaka kutoka diski yake yenyewe. Linux, iliyo huria, ilihaririwa kwa sababu iliweza kuhaririwa, na uhariri huo ndio ulioitoa kerneli yake mikononi mwa mpangaji.

3.0 Kazi ya Cape Town

EC2 ilifunguliwa kwa majaribio ya umma mnamo Agosti 2006. Haitajwi mara nyingi katika mijadala ya sera za Afrika kwamba huduma hiyo, iliyoweka kielelezo cha wingu la kukodi kwa saa, ilijengwa kwa sehemu kubwa Cape Town. Chris Pinkham, mhandisi wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Amazon, alitaka kurudi nyumbani, na kampuni ikamruhusu afungue ofisi huko. Yeye, Willem van Biljon na timu ndogo waliijenga EC2 juu ya Xen. Amazon yenyewe haikufungua kituo chake cha wingu Cape Town hadi Aprili 2020, karibu miaka 14 baadaye.

Mashine ya kwanza iliyopangishwa ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1.7 na diski ya gigabaiti 160, kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Mpangaji alileta taswira ya mfumo wake, ikiwa na kila kitu isipokuwa kerneli. Kerneli na diski ya awali ya kumbukumbu, ile inayotayarisha mfumo kabla diski kuu haijafunguliwa, zilikuwa taswira za pekee zenye namba zake, na zilitolewa na Amazon au na wachache waliokubaliwa nayo. Mpangaji aliruhusiwa kutaja namba. Kuleta faili lake hakuruhusiwa.

Madhara yake yalionekana katika mambo madogomadogo ambayo yakijumlishwa si madogo. Moduli za kerneli hukubali kupakiwa na kerneli ya toleo lilelile tu zilipotengenezwa. Aliyehitaji moduli isiyokuwapo, iwe ya mfumo wa mafaili au ya njia ya siri ya mtandao, ilimbidi atafute vichwa vya msimbo na mipangilio iliyotumiwa na mpangishaji, kisha ajitengenezee. Aliyetaka diski yake kuu isimbwe kwa siri tangu mwanzo wa kuwaka alikwama, kwa sababu diski ya awali ambayo ingeuliza nenosiri haikuwa yake. Wasambazaji wa Linux waliotoa viraka vya usalama kila wiki walivitoa kwa kerneli zao, ilhali kerneli iliyokuwa ikifanya kazi haikuwa yao.

Upande wa sheria, hali hiyo ina sura ya ajabu. Linus Torvalds alitangaza kazi yake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya umma ya GNU, inayompa kila mpokeaji wa programu haki ya kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Mpangaji wa EC2 alikuwa na haki hiyo kamili juu ya Linux. Angeweza kuibadilisha kerneli nyumbani kwake hadi achoke. Leseni husema kuhusu nakala na msimbo. Haimlazimishi mwenye mashine kuiendesha nakala ya mtu mwingine. Wanasheria wa programu huria walijiandaa kwa kampuni zitakazoficha msimbo. Hapa msimbo ulikuwa wazi, na kilichofungwa kilikuwa swichi ya kuwashia.

4.0 Njia za Kutokea

Njia ya kwanza ilitoka ndani ya mradi wa Xen na iliitwa pygrub. Ilikuwa programu fupi iliyokaa upande wa msimamizi: ilifungua diski ya mgeni, ikasoma orodha ya kerneli aliyoiandika mgeni, ikaitoa ile iliyochaguliwa na kuiwasha. Kwa mpangaji ilikuwa ukombozi. Kwa mpangishaji ilikuwa hatari, kwa kuwa programu yenye mamlaka makuu ilikuwa inasoma faili lililoandikwa na mtu asiyeaminiwa. Mwaka 2007 hatari hiyo ilithibitika, ilipogunduliwa kuwa mgeni angeweza kuandika orodha yake kwa namna ambayo pygrub ingetekeleza amri zake upande wa mwenyeji. Kasoro hiyo iliorodheshwa kwa namba CVE-2007-4993. Mpangishaji mwenye maelfu ya wapangaji wasiojuana hakuwa na sababu ya kuipenda programu ya namna hiyo.

Jibu lililofuata lilikuwa la kuhamisha mahali pa kazi. PV-GRUB, iliyotoka pamoja na Xen 3.3 mwaka 2008, ilifanya kazi ileile ya kusoma orodha na kuchagua kerneli, lakini iliifanya ikiwa ndani ya mashine ya mgeni mwenyewe, bila mamlaka yoyote ya ziada. Kwa mtazamo wa mpangishaji PV-GRUB ilikuwa kerneli moja zaidi katika orodha yake. Iliwaka, ikafungua diski ya mgeni, ikapakia kerneli iliyokuwamo, kisha ikajiondoa na kuiachia nafasi. Mgeni mwenye nia mbaya akiandika orodha ya hila anajidhuru mwenyewe.

Amazon ilitangaza Julai 2010 kwamba wateja wa EC2 wangeweza kutumia kerneli zao, na namba walizopewa kuzitaja zilikuwa za PV-GRUB. Mwezi huohuo kampuni ilianza kupangisha mashine kubwa za hesabu za kisayansi zilizotumia utaratibu wa mashine pepe kamili, ambazo Linux iliwaka humo kutoka diski yake kama katika kompyuta ya mezani. Mnamo Desemba 2010 Colin Percival alitangaza kuwa FreeBSD, ambayo si Linux kabisa, imeanza kufanya kazi katika EC2. Mlango ukishafunguliwa haumuulizi apitaye anatoka ukoo gani.

Kubadilisha kerneli kwa njia hiyo kulihitaji mkono usiotetemeka. PV-GRUB ilisoma orodha ya mtindo wa zamani, faili la menu.lst, wakati wasambazaji walikuwa wanahamia GRUB 2; Ubuntu ilihamia katika toleo lake la Oktoba 2009 na ikabidi itunze kifurushi cha pekee kwa ajili ya EC2, kilichoandika orodha ya kale pembeni ya mpya. Aliyesahau kuandika upya orodha hiyo aliiwasha seva ikarudi na kerneli ya jana. Aliyekosea jina la diski au kusahau diski ya awali aliiwasha seva isirudi kabisa. Katika chumba cha seva fundi angevuta kibodi na kioo akaona kilichoandikwa. Katika EC2 ya miaka ile alichopata ni maandishi ya kuwaka yaliyochelewa, ya kusoma tu. Dirisha la kuzungumza na mashine isiyowaka halikuja hadi Machi 2021. Dawa ya kawaida ilikuwa kuizima seva, kuing'oa diski yake, kuipachika katika seva nyingine iliyo nzima, kurekebisha neno moja, na kuirudisha. Wengi walijifunza kutobadilisha kerneli bila kuacha ile ya zamani katika mstari wa pili wa orodha.

Ujumbe wote ambao kerneli huandika ikiwaka au ikishindwa kuwaka uko katika Kiingereza, nao haujawahi kutafsiriwa katika lugha yoyote ndani ya Linux yenyewe. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuthibitisha kuwa programu za ofisi zaweza kuzungumza Kiswahili kizuri. Chini ya tabaka hilo, pale seva inapokataa kuwaka usiku, Kiswahili hakijafika.

Njia ya tatu haikuhitaji ruhusa ya mpangishaji kwa namna ya moja kwa moja. Tangu toleo la 2.6.13 la Agosti 2005, Linux ina uwezo uitwao kexec: kerneli inayofanya kazi hupakia nyingine katika kumbukumbu na kuirukia, bila kupitia hatua za mwanzo za kuwasha mashine. Ulikusudiwa kuharakisha kuwasha upya na kukusanya ushahidi baada ya kerneli kuanguka. Wapangaji waliugeuza. Seva iliwaka kwa kerneli ya mpangishaji, nayo ilipoanza tu, kabla huduma yoyote haijasimama, hati fupi iliipakia kerneli ya mpangaji na kumkabidhi mashine. Kerneli iliyotolewa ilibaki kuwa ngazi ya kupandia.

Matumizi hayo ya kexec yanastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu yalishamiri mahali ambapo sababu ya awali ilikuwa imekufa. DigitalOcean, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilitumia KVM, ambayo mgeni wake hahitaji uhariri wowote. Hata hivyo kwa miaka kadhaa kerneli ilichaguliwa katika ukurasa wa usimamizi na kupakiwa kutoka nje ya diski ya mteja. Scaleway ya Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Seva zake za C1 za prosesa za ARM, zilizopangishwa katikati ya miaka ya 2010, hazikuwa pepe hata kidogo. Kila mteja alikuwa na mashine yake halisi. Lakini diski ilikuwa ng'ambo ya mtandao, na kerneli pamoja na diski ya awali vililetwa na kampuni ili mashine iweze kuifikia. Aliyetaka kerneli yake alilazimika kuhakikisha kuwa inajua kuifuata diski hiyo mtandaoni, la sivyo alirukia shimoni. Kizuizi kilichozaliwa na maagizo 17 ya Pentium kilikuwa kimekuwa mazoea ya biashara.

5.0 Hoja ya Mpangishaji

Ingekuwa rahisi kuisimulia historia hii kama kisa cha wapangaji waliodhulumiwa. Ushahidi hauruhusu. Kerneli ya mpangishaji ilikuwa na faida ambayo wapangaji wengi waliihitaji bila kuitamka: ilitunzwa na watu waliolipwa kuitunza. Kasoro ilipotokea, kampuni ilibadilisha faili moja, na kila seva iliyowashwa upya ilipata tiba, hata ile ambayo mwenyewe aliisahau tangu mwaka juzi. Mpangaji aliyechukua uhuru wake Julai 2010 alichukua na kazi ya kufuatilia viraka kila wiki, na si kila aliyeuchukua aliifanya kazi hiyo.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa katika hali ya katikati, pale ambapo mpangaji alidhani kerneli ni yake kumbe si yake. Kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, CVE-2016-5195, ilitangazwa Oktoba 2016. Ilikuwa imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka ya msimamizi mkuu. Wasambazaji walitoa kerneli zilizotibiwa mara moja. Katika seva ambayo kerneli yake ilichaguliwa nje, amri ya kusasisha ilikamilika bila lawama, orodha ya vifurushi ikaonyesha toleo lililotibiwa, na kerneli yenye kasoro ikaendelea kufanya kazi. Mkaguzi aliyesoma orodha ya vifurushi aliandika kuwa seva iko salama. Hapo kiini kilikuwa kiinimacho kweli.

Wapo pia wapangaji ambao hawakuwahi kuwa na njia yoyote. Katika huduma za bei nafuu zilizotumia OpenVZ, wageni wote waligawana kerneli moja ya mwenyeji, kwa kawaida 2.6.32 iliyotokana na Red Hat. Docker ilipotoka Machi 2013 na kudai toleo la 3.8 au jipya zaidi, wapangaji hao waliambiwa na wenzao jibu fupi: hama. Bei ya chini ilikuwa na maana ambayo tangazo halikuitaja.

6.0 Mahali pa Taarifa na Mahali pa Kerneli

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kama mpangaji. Kebo ya SEACOM ilipofika pwani Julai 2009, na nyingine zikafuata, kukodi seva ng'ambo kulikuwa tayari ni jambo la kawaida kwa magazeti, vyuo na hata baadhi ya ofisi za umma za eneo hili. Kebo zilikufanya kuwe kwepesi zaidi. Muongo mmoja baadaye mabunge yalianza kuuliza taarifa za raia ziko wapi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya inampa Waziri uwezo wa kuelekeza kuwa uchakataji wa aina fulani ufanyike katika seva au kituo kilichomo nchini. Ya Rwanda inataka taarifa zihifadhiwe Rwanda isipokuwa pale ambapo kibali cha kuzihifadhi nje kimetolewa.

Sheria hizo zinafikiri kwa jiografia, na kwa mambo mengi jiografia inatosha. Historia iliyosimuliwa hapa inaonyesha kuwa kuna swali jingine ambalo ramani hailijibu. Seva iliyoko Kigali au Dar es Salaam inaweza kuwa inawaka kwa kerneli iliyochaguliwa na kampuni ya nje, kutoka katika faili ambalo ofisi iliyoikodi haiwezi kulisoma wala kulibadilisha. Kinyume chake, seva iliyoko Frankfurt inaweza kuwa na kerneli iliyotengenezwa, kukaguliwa na kusainiwa na wahandisi wa nchi inayoikodi. Matakwa ya kisheria kuhusu hatua za kiusalama yameandikwa kwa maneno ya jumla, na mikataba ya kukodi hufuata maneno hayohayo. Kifungu kimoja katika mkataba, kinachosema kerneli huwashwa kutoka diski ya nani na ni nani mwenye wajibu wa kuisasisha, kingeziba pengo ambalo ukaguzi wa orodha ya vifurushi hauwezi kuliona. Gharama ya kukiandika ni ndogo. Gharama ya kukitekeleza ni kuwa na watu wanaojua kerneli, nayo si ndogo hata kidogo: ofisi isiyo na mtu wa kufuatilia viraka ingekuwa salama zaidi na kerneli ya mpangishaji, mradi ijue kuwa ndiyo inayotumika.

7.0 Baada ya Mwaka 2014

Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 mzozo huu ulionekana kama umekwisha. Mashine mpya za EC2 za mwaka 2014 zilikuwa za mashine pepe kamili tu. Linode ilianza kuhamia KVM mwaka 2015 na baadaye ikaifanya kerneli ya msambazaji kuwa chaguo la kawaida. Leo mpangaji wa seva ya kawaida akisasisha na kuiwasha upya hupata alichosakinisha, na kijana anayeanza kazi hawezi kuelewa kwa nini jambo hilo liliwahi kuwa habari.

Wakati huohuo kerneli ilikuwa inaondoka tena kwa mlango mwingine. Novemba 2014 Amazon ilitangaza Lambda, ambayo mteja wake hakodi seva bali huleta kipande cha programu kinachoendeshwa kinapoitwa. Novemba 2018 kampuni ilitoa kwa umma Firecracker, msimamizi mwepesi anayewasha mashine pepe ndogo kwa ajili ya kazi za namna hiyo kwa sehemu ya sekunde. Firecracker ni programu huria na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Anayewasha mashine kwa njia yake huielekeza kwenye faili la kerneli lililo katika kompyuta mwenyeji, nje ya diski ya mgeni, kama ilivyokuwa kwa Linode mwaka 2003 na kwa EC2 mwaka 2006. Mteja wa Lambda akiuliza toleo la kerneli kutoka ndani ya programu yake hujibiwa kwa namba. Namba hiyo imechaguliwa na Amazon, na safari hii hakuna orodha ya kuchagua nyingine.